Baibui jeusi si sharti: nguo za kwenda nazo Muscat mwezi wa saba

"Shikamoo mama fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 38, ni Mkristo na nimezaliwa Lushoto. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tunakwenda Oman wiki tatu kwa wifi yangu aliyeolewa Muscat. Kuna harusi kwenye familia ya mumewe, wifi atatupeleka pia kuuona msikiti mkubwa, na mwishoni wametupangia siku nne Salalah. Sasa kila mtu ananiambia lake. Jirani anasema bila baibui jeusi na nikabu nitarudishwa uwanja wa ndege. Mama mkwe anasema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, kwa hiyo ninunue mabaibui meusi matatu yaliyo tayari, yaishe. Mwalimu mwenzangu aliyefika Uturuki anasema hayo ni ya zamani, siku hizi ni jinzi tu. Mimi naogopa mambo mawili: kuwavunjia heshima watu walionikaribisha, na joto, maana natumia vidonge vya presha na hata hapa Tanga mwezi wa pili huwa nahangaika. Tena najiuliza, mimi Mkristo nikivaa baibui si nitakuwa nadanganya watu? Mume wangu yeye ameshafunga kaptula zake nne, anasema masharti ni ya wanawake."

Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali manne yamefungwa kitita kimoja, na kila aliyekushauri amevuta uzi wake. Kiini nakiona hivi: uvae nini ili wenyeji wasione umewadharau, na wewe mwenyewe usianguke kwa joto. Nitakutoa hofu kwanza, kisha tuingie kwenye kitambaa, kwa sababu huko ndiko watu wanakopotezea fedha na raha ya safari.

Nimekuwa fundi cherehani tangu 1991. Kuanzia 1998 hadi 2004 nilikuwa Muscat, nashona mabaibui na magauni ya harusi katika karakana moja pale Ruwi. Tangu nirudi hapa Ngamiani sijamaliza mwaka bila kumshonea mtu wa safari ya Uarabuni, awe wa kazi, wa matembezi au wa umra. Ninayokuambia nimeyavaa mwilini na nimeyakata kwa mkasi wangu.

Jirani yako amekosea. Oman hakuna sheria inayomlazimisha mwanamke mgeni kuvaa baibui au kufunika nywele akiwa njiani, dukani au uwanja wa ndege. Nikabu ndiyo kabisa. Wanawake wengi wa Muscat huacha uso wazi. Ukiwaona kina mama wa baadhi ya mikoa, hasa upande wa Sharqiyah, wamevaa barakoa usoni (barakoa yenyewe ya asili, kabla neno halijahamia kwenye mambo ya korona), hilo ni vazi la kwao, hawamtazamii mgeni alivae. Kinachokatazwa ni kutoka hadharani na nguo zinazokiuka adabu, na adabu yenyewe wenyeji wanaielewa hivi: mabega na magoti yafunikwe, kifua kisiwe wazi, nguo isionyeshe vya ndani na isiuchore mwili.

Mwenzako wa Uturuki amesema kweli ya Uturuki, ila ameihamishia pasipo pake. Uturuki utaambiwa ujifunike ukiingia msikitini, basi. Iran sheria inamtaka kila mwanamke afunike nywele, mgeni kwa mwenyeji. Saudia, tangu walipofungua viza ya utalii mwaka 2019, mgeni halazimiki kuvaa baibui lakini anatakiwa avae kwa staha. Kila nchi na kawaida yake, na ndani ya nchi kila mtaa na wake. Wewe unalijua hilo kwa hapa kwetu: mgeni wa bara akishuka stendi ya Kange hakuna atakayemwambia afunge ushungi, lakini akipita katikati ya Ngamiani na kaptula ya kubana, kina bibi wa barazani watamsindikiza kwa macho mpaka akate kona. Hawatasema neno. Muscat ni vivyo hivyo, watu wake wapole, hawatakukemea. Ndiyo maana inafaa ujue mapema, kwa sababu ukikosea hutaambiwa.

Mama mkwe nia yake ni njema, ila jicho analotaka ulivunje silo walilovunja wenyeji. Anadhani weusi ndiyo heshima. Mwalimu, weusi wa baibui ni mtindo tu. Bibi zetu wa pwani walivaa baibui la kamba, la kufungwa kichwani, na wengine walitoka na kanga mbili tu, wala hakuna aliyewaona hawana haya. Nguo ya asili ya mwanamke wa Kiomani yenyewe ina rangi za kung'aa: gauni refu, na chini yake suruali iliyotariziwa kwenye vifundo. Kinachotazamwa ni urefu, ulegevu na uzito wa kitambaa. Nguo ya kijivu, ya kahawia au ya buluu yenye mambo hayo matatu inatosha kabisa, na baibui jeusi la kubana kiunoni na mpasuo hadi gotini halitoshi, hata liwe na shanga za bei gani.

Kuhusu kudanganya, nakuelewa, kwa sababu ni swali la mtu mwenye dhamiri. Lakini kuvaa baibui hakumwingizi mtu dini, wala kulivua hakumtoi. Ni vazi la kutokea. Pale karakana tulikuwa na dada mmoja Mgoa, Mhindi wa Goa, Mkatoliki wa kushika dini yake. Akienda sokoni Mutrah alivaa baibui, akirudi analitundika msumarini, na Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko, anakwenda misa kanisani, maana Ruwi makanisa yapo na yanajaa. Hakuna aliyemwona mnafiki. Ungedanganya kama ungeulizwa dini yako ukaikana. Basi ukipenda kulivaa, livae, na usipopenda, gauni lako refu la kitenge na mtandio vitakupitisha kila mahali isipokuwa pachache nitakapopataja. Msalaba wako mdogo wa shingoni hauna tatizo barabarani. Msikitini ningeuingiza ndani ya nguo, kwa staha tu.

Sasa joto. Hapa nataka tukae kidogo.

Mwezi wa saba sisi huku tuko kwenye kusi, kuna upepo na usiku mtu anavuta shuka. Muscat ni kinyume chake. Mchana joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, usiku unaweza usishuke chini ya 30, na kwa kuwa mji uko ufukweni hewa ina unyevu mzito. Unyevu huo ndio unaoumiza. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Hewa ikishajaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu, nawe unachoka bila kupoa. Kwa hiyo nguo yako ina kazi moja kubwa: kuipisha hewa ipite kati ya kitambaa na ngozi.

Watu huuliza, jeusi si linavuta jua? Linavuta, ndiyo. Lakini mwaka 1980 watafiti wanne walichapisha kwenye jarida la Nature kipimo walichofanya jangwa la Negev: mtu alisimama juani akiwa na joho jeusi la Kibedui, kisha jeupe la aina hiyo hiyo, kisha sare ya jeshi, kisha kaptula. Waliona kuwa joto lililomfikia mwilini ndani ya joho jeusi lilikuwa sawa na ndani ya jeupe. Joto la ziada ambalo jeusi lilivuta lilipotelea hewani kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa sababu joho ni pana. Hewa huingia chini penye pindo, inapata moto, inapanda na kutokea shingoni na mikononi, na ukitembea nguo inapuliza kama mivukuto ya mhunzi. Ila usisahau kuwa lile ni jangwa kavu na kule ufukweni pana unyevu. Ninachokichukua mimi katika kipimo kile ni upana, si rangi. Ukiweza kuchagua rangi nyepesi, chagua. Ukitaka jeusi, liwe pana.

Na hapa heshima na ubaridi vinakutana, jambo ambalo wengi hawalioni. Mapengo yale yale kati ya mwili na nguo yanayoficha umbo lako ndiyo yanayokupoza. Nikikupima kifua nikapata sentimita 96, sikati 96 wala 100. Nakata 120. Kwapa nalishusha chini, mkono wa popo, ili usibane unapoinua mkono kushika bomba la basi. Mkono wenyewe uwe mpana lakini uishie kwenye kifundo cha mkono, usipite, maana mikono mirefu inayoning'inia huingia kwenye sahani ya wali. Lastiki sikuwekei popote, na bitana sitii, kwani inaziba hewa yote niliyoitafutia njia.

Kosa la kitambaa nililifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza Muscat nilijishonea baibui la poliesta nzito, na bitana juu yake, kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kinang'aa na mkunjo wake unakaa kama wa karatasi. Mbavuni nikalibana, nilikuwa kijana. Mwezi wa sita nikatoka Mutrah kwa miguu kupanda Ruwi. Nilipofika jasho lilikuwa limejaa viatuni, na jioni shingo, kwapa na chini ya matiti pote pametoka harara nyekundu. Wiki nzima nililala chali na kanga tu. Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa na baibui jeusi kama langu, tena alitembea njia ile ile, wala hakupata kitu. Lake lilikuwa la pamba nyepesi, limekatwa kama gunia.

Sababu yake ni hii. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake, na viskosi, ile ambayo madukani wanaiita rayoni, hubeba zaidi ya hapo. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Maana yake pamba inalipokea jasho na kulitandaza likauke, poliesta inalirudisha mgongoni. Lakini nisiisingizie poliesta kila ubaya. Krepu nyepesi na kile kitambaa wanachokiita nida vinaning'inia vizuri, havikunjamani kwenye begi, unafua usiku asubuhi pakavu, na wanawake wengi wa Muscat wanavaa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mwenyeji anatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba anaingia kwenye kiyoyozi cha gari, anashukia kwenye kiyoyozi cha duka. Wewe ni mgeni, utataka kutembea, kutazama, kusimama ufukweni kupiga picha. Kitambaa kinachomfaa yeye hakikufai wewe. Pamba nayo ina aibu zake: inakunjamana, na nyeusi yake hupauka ukiifua mara nyingi. Viskosi inaanguka vizuri mwilini, ila ikilowa inakuwa dhaifu na kwenye kufua hurudi sana. Kitani ni kizuri kuliko vyote kwa joto, bei yake tu ndiyo inayonifanya nisimshauri mwalimu.

Ukienda dukani usitegemee neno la muuzaji kwamba hii pamba tupu. Omba akuvutie nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni. Nyumbani zishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, uwashe kiberiti. Uzi wa pamba unashika moto mara moja kama karatasi, harufu yake ya karatasi iliyoungua, na jivu lake la kijivu ukilisugua linapotea. Uzi wa poliesta kwanza unajikunja kuukimbia moto, kisha unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi ambacho hukivunji kwa vidole. Ukipata jivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko. Hiyo si mbaya, mradi kidonge kisizidi jivu.

Kisha jaribu mwanga. Vaa nguo, simama mlangoni saa 4 asubuhi jua likiwa nyuma yako, mtu akutazame kutoka ndani. Miguu ikionekana, vaa gagulo la pamba ndani. Chini ya nguo nyepesi usivae sidiria nyeupe, vaa ya rangi inayokaribia ngozi yako, nyeupe ndiyo inayojitangaza. Madera yako ya hapa Tanga chukua, lakini kwa kukaa ndani. Kule dera watu wengi wanalitazama kama nguo ya nyumbani, na mengi yake yanaangaza kama chandarua.

Kwa wiki tatu mimi ningekufungashia hivi: baibui moja jeusi la pamba nyepesi, jingine la kijivu au kahawia lililo wazi mbele uweze kulivaa juu ya nguo yoyote, magauni mawili marefu ya kitenge, suruali mbili pana na mashati marefu ya kufika katikati ya paja. Hiyo jinzi ya mwalimu mwenzako haikatazwi, lakini mwezi wa saba ni kujitesa. Mitandio minne ya pamba au viskosi, urefu wa sentimita 180 hivi, kwa sababu wa hariri bandia unateleza na utashinda siku nzima unaurudisha kichwani. Mtandio uwe nao begani au mkobani kila unapotoka. Utauvuta kichwani ukiingia nyumba ya wazee au ukipita karibu na msikiti wakati wa adhana, na utajifunika nao dukani, maana viyoyozi vya madukani kule ni baridi ya kwenu Lushoto. Baibui liishie vidole viwili juu ya sakafu, usilifuate la kuburura. Ngazi za umeme zinameza pindo, nimeona.

Msikiti ni jambo jingine, pale hakuna hiari. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni wasio Waislamu Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Ijumaa hapana. Wifi yako athibitishe siku chache kabla. Mwanamke anatakiwa afunike nywele zote, mikono hadi kwenye vifundo na miguu hadi kwenye vifundo, kwa nguo isiyobana wala kuonyesha. Usifike na mkono wa robo tatu ukadhani utaeleweka. Viatu vinavuliwa, kwa hiyo vaa vya kuchomoa, na uwe na soksi nyembamba. Mwanamume ni suruali ndefu. Ukitaka mtandio usikuanguke, tanguliza kitambaa cha ndani cha kushika nywele, ufunge ushungi juu yake kwa pini mbili, moja kidevuni moja begani. Fanya mazoezi nyumbani mara tatu.

Salalah ndiko watu wanakokosea kufunga mizigo. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa Muscat, na kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita hadi wa tisa huko kuna msimu wanaouita harifu: mawingu, manyunyu, ukungu milimani, majani ya kijani, joto la nyuzi 25 hivi. Ni kusi letu hili hili, linalovuka ikweta na kupiga milima ya Dhofar, lile lililokuwa likirudisha majahazi Uarabuni kutoka pwani yetu. Chukua sweta moja, viatu vya kufunika visivyoteleza kwenye matope, na baibui la krepu kama unalo, kwa sababu hapo sasa pamba itakaa mbichi kutwa. Baibui refu kwenye matope ya mlimani halina maana, vaa suruali pana na shati refu.

Harusi itakushangaza. Kwa kawaida wanawake wanakuwa na ukumbi wao, hakuna mwanamume, na humo ndani mabaibui yanavuliwa mlangoni. Utaona magauni ya kung'aa, migongo wazi, dhahabu na nywele zilizotengenezwa siku nzima. Kwa hiyo usiende na gauni la kanisani ukadhani ndiyo heshima. Shona gauni lako zuri kabisa, livalie baibui juu mpaka ukumbini. Jambo moja tu nakusihi kwa uzito wote: usimpige mtu picha humo. Simu ibaki mkobani mpaka mwenyeji akuambie. Wanawake wale wamejifunua kwa sababu wameaminiana, na picha moja ikitoka nje inaweza kuharibu nyumba ya mtu. Hilo ni kubwa kuliko nguo zote tulizozungumza.

Na kwa kuwa unakwenda kwenye nyumba ambayo wifi yako yumo, na wapo Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na pwani hii wanaosema Kiswahili kama sisi, zawadi ya kanga itapokewa kwa mikono miwili. Lakini soma jina lake kabla hujalipa. Kina mama wale wanasoma. Usimpelekee mama mkwe wa wifi yako kanga ya mafumbo ya majirani ukidhani umependa maua. Tafuta ya dua au ya shukrani. Hata "Mgeni njoo mwenyeji apone" itawafurahisha.

Mumeo sasa. Mwambie kwa upole kwamba katika Qurani, Sura ya An-Nur, agizo la kuinamisha macho na kujistahi linaanza kwa wanaume, aya ya 30, ndipo wanawake wanafuata aya ya 31. Wanavyuoni wengi wanahesabu sitara ya mwanamume kuanzia kitovuni hadi gotini, kwa hiyo kaptula ya juu ya goti ni aibu kwake kama ilivyo sketi fupi kwako. Azifungue hizo nne, abakize moja ya kupita goti kwa ajili ya ufukweni. Achukue suruali tatu nyepesi, mashati ya mikono mifupi ya pamba, yanatosha kila mahali, na kikoi cha kulalia. Kanzu yake na kofia ya kutarizi anaweza kuvaa harusini na watampenda. Kilemba cha Kiomani na jambia kiunoni awaachie wenyewe, labda wamvalishe wao.

Nimeacha presha yako mwisho kwa sababu si kazi ya fundi. Kabla ya safari, angalau wiki tatu, nenda hospitali ya Bombo au kwa daktari wako wa siku zote na vidonge vyako mkononi. Mweleze kwamba unakwenda kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40. Baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, nyingine hubadilisha namna mwili unavyopoza joto, na yeye ndiye atakayejua kama dozi iguswe au isiguswe. Usiipunguze mwenyewe. Ukiwa huko, matembezi yawe kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya jua kuzama, kama wenyeji wanavyofanya. Kuhusu kiasi cha maji muulize daktari pia, kwa mtu wa presha si kila mmoja anaambiwa sawa. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kubana, ingia kivulini, fungua ushungi, vua baibui, ujimwagie maji. Usione haya, hakuna mwenyeji atakayekulaumu. Na mtu akianza kuchanganyikiwa maneno au ngozi ikiwa ya moto na ameacha kutoka jasho, hapo ni hospitali mara moja, si kupepewa.

Upimaji nao haufanyiki kwa maandishi. Mtafute fundi akuone umesimama, au njoo kwangu kabla ya tarehe 10 mwezi wa sita, baadaye tunazidiwa. Kwa kimo cha wastani nunua mita 3 na nusu za upana wa inchi 60. Kabla hujakileta kitambaa kiloweke usiku mmoja, ukianike kivulini bila kukikamua. Pamba mpya hurudi, na nyeusi nyingine huchuja, ni bora vyote vitokee kwenye beseni lako kuliko kwa wifi. Uje na viatu utakavyovaa huko, maana urefu wa pindo naupima navyo.